Nyuso Tisa Nilizozisafisha

Jumanne, 8 Julai

Wateja kumi na watatu wa pasipoti saizi kabla ya saa sita. Mmoja alitaka nimtoe chunusi. Mwingine alitaka nimpunguze kitambi, kana kwamba kitambi kinaingia kwenye pasipoti saizi. Nikamwambia nimeshapunguza. Akafurahi, akaenda.

Mchana wakaingia watu wa msiba kutoka Mtoni. Wameleta kitambulisho cha marehemu, picha imefifia, shati halina kola. Wanazika kesho, wanataka fremu ya kuweka mbele ya jeneza. Nikamvalisha suti nyeusi, nikampa tai, nikamwekea mawingu ya bluu nyuma. Jicho la kushoto halikuonekana kabisa. Nikachukua la kulia, nikaligeuza, nikalibandika. Binti yake alipoona akaanza kulia, akasema baba ndiye huyuhuyu. Huwa wanasema hivyo wote.

Foleni ya Sabasaba imefika mpaka huku Tandika. Vumbi tupu dukani.

Lilian amepiga simu. Ni dada anayeandaa maonyesho ya picha kule Kinondoni, picha za vita na watu waliobaki wamesimama. Anataka zile zangu za Ruvuma. Nimekubali. Halafu akasema anazitaka mbichi, yaani kama zilivyotoka kwenye kamera, bila kuguswa. Mie sijazoea kumwonyesha mtu picha mbichi. Ni kama kumfungulia mgeni mlango nikiwa na taulo tu.

Jumatano, 9 Julai

Nimeitafuta diski. Ilikuwa nyuma ya boksi la fremu. Sijaifungua tangu Januari.

Nilikuwa mpakani wiki tatu, Desemba mpaka mwaka mpya. Shirika la misaada lilinichukua nikapige picha za watu waliokimbia vita ng'ambo ya mto. Nilikuwa nimezisahau nyingi. Kinyozi aliyetundika kipande cha kioo kwenye mti siku ya pili tu baada ya kuvuka, na foleni ya wanaume wanasubiri kunyolewa. Watoto wanacheza rede kwa mpira wa soksi. Yule bibi aliyebeba mlango. Mlango tu, wa mninga, kauvusha mto kichwani. Nyumba imeungua, kauokoa mlango. Nilimuuliza wa nini. Akanijibu nyumba atajenga, ila mlango mzuri kuupata ndiyo kazi.

Nimeangalia hao walio hai mpaka jioni. Kuna folda nyingine ndani ya diski. Sijaigusa.

Ijumaa, 11 Julai

Leo nimeifungua ile folda. Ni za siku tuliyovuka mto na wazee wa wakimbizi kwenda kwenye kijiji kilichochomwa. Watu tisa walikuwa wamelazwa chini ya banda la soko. Mama mmoja alikuwa anawafunika kanga. Akaniambia nipige kila uso kabla hawajazikwa, wenyewe wakija wawatambue. Nikapiga.  

Ya kwanza mpaka ya tano nilizipita haraka. Ya sita nikasimama.

Siyo Hamadi.

Nimeliandika. Uso niliompelekea Bi Rukia, mwenye nyumba wangu, mwezi wa kwanza, nikamwambia huyu ndiye mwanao, siyo uso ulioko kwenye picha mbichi. Juu ya nyusi ya kulia kuna kovu. La zamani, lilipona miaka mingi, jeupe, limepinda. Hamadi hana kovu. Picha za harusi yake nilipiga mie, mia nne na kitu. Pua yake naijua kuliko yangu.

Lile kovu nililifuta mwenyewe. Nilidhani uchafu.

Nimefunga saa nane. Nimemwambia mteja umeme umekatika, na feni inazunguka juu ya kichwa chake. Akaniangalia tu, akaondoka.

Jumamosi, 12 Julai

Niandike ilivyokuwa, nisije nikaanza kujitungia.

Hamadi ni mtoto wa Bi Rukia. Studio yangu ni fremu ya duka mbele ya nyumba yake, nimepanga kwake. Ukuta wangu wa nyuma ndio ukuta wa sebule yake, akikohoa namsikia. Hao ni watu wa vitambaa tangu enzi ya babu yao aliyetoka Arabuni. Hamadi akaenda kufungua duka lake ng'ambo ya Ruvuma. Sie tukamcheka. Yeye akasema huko hamna ushindani. Novemba simu yake ikakata. Ikaja habari kwamba mji ule umechomwa, na vijiji vya jirani navyo.

Januari nikarudi. Hata begi sijashusha, Bi Rukia akanisimamisha getini. Elia mwanangu, Hamadi wangu hukumwona? Nikamwambia nitaangalia kwenye picha. Kichwani nilishakuwa na yule wa sita. Umbo lile, ndevu zile, rangi ile ya ngozi. Nilishaamini kabla sijafungua.

Uso ulikuwa umeharibika upande wa kushoto. Mama huwezi kumpelekea kitu kama kile. Sie watu wa studio tuna adabu yetu, marehemu haendi kwa wenyewe akiwa mchafu. Nikafanya nilivyofundishwa. Upande wa kushoto nikautoa kwenye picha ya harusi ya Hamadi, nikaubandika. Pande mbili hazikukaa sawa. Taya la kulia lilikuwa pana, nikalivuta. Nyusi ilikuwa juu, nikaishusha. Damu nikafuta. Vumbi nikafuta. Kovu nikafuta. Nilipomaliza nikamwangalia, nikalia. Nikasema, kweli ni Hamadi.

Mpumbavu mie. Nilimtengeneza kwa mikono yangu halafu nikamlilia.

Bi Rukia aliitazama mara moja tu. Akasema ndiye. Akakaa chini pale pale kibarazani.

Wakamsalia sala ya maiti bila maiti. Hitima ikasomwa, nyumba ikajaa watu. Salma, mke wa Hamadi, akaingia eda. Miezi minne na siku kumi hakuvuka geti. Imeisha mwezi wa sita, na mwezi huohuo ikaja posa. Nassoro, muuza vipuri, amefiwa na mke, mtu mtulivu. Ndoa ni Ijumaa ya tarehe 25.

Leo ni tarehe 12. Hamadi kama yuko hai, nitakuwa nimemwozesha mke wake kwa mtu mwingine. Mie. Kwa kompyuta.

Jumapili, 13 Julai

Kanisani. Sikusikia hata neno moja la Mchungaji.

Njiani kurudi nimesalimiwa na kila mtu. Tangu Januari mtaa mzima unaniita yule aliyemrudisha Hamadi. Wazee wananipisha kwenye benchi. Na mie heshima hiyo nimeila kama pilau ya shughuli, sikuuliza imepikwa na nani.

Jumatatu, 14 Julai

Nimeifuta.

Picha mbichi ya sita. Nimeiburuta mpaka kwenye pipa la kompyuta, nikamwaga pipa. Nikahema. Nikanywa maji. Baada ya robo saa nikakumbuka bado iko kwenye kadi ya kamera, na badala ya kuudhika nikashukuru. Nimeirudisha kwenye diski.

Mchana kutwa nimejiambia Hamadi kafa tu. Miezi minane bila simu. Duka limeungua, mji umeungua, nani anapona hapo? Halafu macho yanaenda kwenye folda ya walio hai. Waliopona ninao mia saba. Kinyozi ninaye. Bibi wa mlango ninaye. Kila mmoja alikuwa na mtu mahali fulani anayesema nani anapona hapo.

Nina hofu na mambo mawili na yote yanatia aibu. Naogopa Bi Rukia atanichukia. Naogopa mtaa utajua.

Jumanne, 15 Julai

Nimempigia Zena. Ni dada wa kambi ya wakimbizi kule mpakani, yeye ndiye anayesimamia waliopotelewa na ndugu. Nilimtumia picha za wale tisa mwezi wa pili. Nimejifanya namsalimia tu. Nikauliza kama kuna aliyetambuliwa.

Hakuna. Hata mmoja. Amesema watu wanakuja, wanazipitia zote, wanarudisha. Kuna mama alimwambia, hawa wote wanafanana kama watoto wa tumbo moja.

Nikamshukuru, nikakata simu, nikaziweka tisa zote kwenye kioo cha kompyuta, zilizosafishwa.

Ni kweli. Wanafanana. Ngozi moja, laini, haina kitundu. Midomo imefungwa vizuri. Wanne kati yao wana shavu moja, nilikuwa nimelipata shavu zuri kwa mmoja nikaligawa kwa wenzake. Yule mama wa kanga alinituma kazi moja, wenyewe wawatambue. Mie nikawageuza watu tisa wakawa ndugu waliozaliwa studio. Hakuna mama atakayewajua.

Sikusafisha mmoja kwa kosa. Nilisafisha wote, na nilijisikia mtu mwema kila nilipomaliza mmoja.

Jumatano, 16 Julai

Bi Rukia ameniita kwa kugonga ukuta, kama kawaida yake. Nikaenda. Ni hatua kumi na mbili tu, kutoka mlango wangu mpaka wake.

Kumbe ananiita nionje halua ya ndoa. Kaitia iliki nyingi, safi sana. Akasema Salma hataki shughuli kubwa wala picha, ila yeye anataka moja, na ya kupiga ni mie, siyo mtu mwingine. Amesema, "Wewe ndiye uliyenitoa gizani, mwanangu. Ningekuwa bado nachungulia getini."

Halafu akafungua mkoba. Ile picha yuko nayo humo, ndani ya bahasha. Kila Alhamisi jioni anaiweka mapajani anasoma Yasini. Akapitisha kidole kwenye shavu la kushoto. Shavu la harusi.

Nilikuwa nimefungua mdomo. Kabisa. Nikasema nina mteja ananisubiri.

Nimerudi nikakaa. Hapakuwa na mteja.

Alhamisi, 17 Julai

Nimemwambia Mama Neema. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa mpaka nilipomaliza. Nilidhani atanipa pole. Miaka kumi na saba ya ndoa na bado simjui mke wangu.

"Nani mwingine anajua?"

Nikasema hakuna.

"Kwa hiyo unamsubiri Salma ajue siku ana mtoto wa Nassoro mgongoni, halafu Hamadi anagonga geti?"

Nikamwambia labda Hamadi amekufa kweli. Akasema labda. Akasema hiyo 'labda' ni ya Salma kuipima, siyo yangu, na mie nimeikalia kama kuku. Nikamkumbusha kwamba tutafukuzwa kwenye fremu. Akasema fremu Temeke ziko tele. Akarudi kwenye mchele wake.

Nimekasirika naye mpaka jioni kwa sababu alikuwa sahihi.

Ijumaa, 18 Julai

Nimeenda baada ya sala ya Ijumaa. Nikakuta fundi cherehani anampima Salma gauni. Nikasema nimekuja kuomba chumvi.

Nimepewa chumvi.

Jumamosi, 19 Julai

Nimesema.

Asubuhi nilichapa ile ya sita, mbichi, saizi ileile ya ile aliyonayo. Sikuigusa. Nikaitia kwenye bahasha nikatoka kabla sijafikiri.

Bi Rukia alikuwa kwenye mkeka, Salma amesimama mlangoni mwa chumba. Shikamoo mama. Marahaba. Nikakataa kukaa kwenye kiti, nikakaa chini. Nikamwambia Salma naye asogee, linamhusu. Nikaomba ile picha ya mkobani. Nikaziweka mbili, sambamba.

Nikaeleza.  Niliwaonyesha kwa kidole, huku nilikata, huku nilivuta, hapa nilifuta. Nikasema sikudanganya kwa makusudi, nilitaka mama asione uchungu. Nikasema Hamadi anaweza kuwa amekufa na anaweza kuwa hai, ila huyu siye. Bi Rukia akavaa miwani. Akainamia zile picha muda mrefu. Nje kulikuwa na mtu anatangaza machungwa kwa spika, anarudia bei ileile.

Salma ndiye aliyesema kwanza. Hakupandisha sauti.

"Kwa hiyo, shemeji, mie nimekaa eda ya mume wa mtu."

 Akaingia chumbani. Nikasikia komeo.

Nikaanza kuomba radhi. Nilisema nisamehe labda mara kumi, nilikuwa naongea kama bomba bovu, mpaka Bi Rukia akainua mkono ninyamaze. Alikuwa ameshika ile mbichi. Nilidhani ataigeuza asiuone upande ulioharibika. Hakuigeuza. Alikuwa anaangalia kovu, amesogeza picha karibu na miwani.

"Hili alilipata akiwa mdogo," akasema. "Limekua naye. Waliomshona walimshona vibaya."

Akaishusha ile picha mapajani.

"Nimemsomea Yasini mtoto wa mwenzangu miezi sita. Jina lake silijui."

Halafu akaniuliza kama mama yake ameiona hii picha. Nikasema hapana. Nikasema iliyopelekwa kambini nayo niliisafisha. Na wenzake wanane pia.

Hapo ndipo alipokasirika. Sijawahi kumwona Bi Rukia amekasirika, hata siku wezi walipovunja duka lao la vitambaa.  Akasema, "Umetuziba macho wote wawili. Mie na yeye." Akasema nisikanyage tena sebuleni kwake mpaka yule mwanamke ameiona hii. Hii yenye kovu. Akaniwekea mkononi.

Ile iliyosafishwa alibaki nayo. Sikuthubutu kuuliza ataifanyia nini.

Nimerudi dukani nikakaa na mlango umefungwa. Nilidhani nikishasema nitapata nafuu. Sijapata. 

Jumatatu, 21 Julai

Ndoa imesimamishwa. Sheikh wa msikiti wa mtaani amekuja na karatasi, nimeandika maelezo yangu yote na kutia sahihi, mambo yaende kwa kadhi. Aliyasoma mara mbili. Aliniuliza kama kompyuta inaweza kweli kufanya hivyo. Nikamwonyesha kwa picha yangu mwenyewe, dakika tano nikawa kijana wa miaka ishirini. Akasema astaghafirullah, akaondoka na karatasi yake.

Jioni akaja Nassoro. Kakaa kwenye stuli ya wateja, mbele ya pazia la bluu, kama mtu anayetaka pasipoti saizi.  Mikono yake ilikuwa na grisi.

"Ungenyamaza siku sita tu," akasema, "ningeishi kwenye dhambi nisiyoijua. Sijui nikupe mkono au nikupige."

Nikamwambia chochote atakachochagua. Akanipa mkono. Nadhani ningependelea kupigwa.

Wateja leo wawili. Habari imeshafika mpaka sokoni.

Alhamisi, 24 Julai

Nimechapa tisa zote mbichi. Ilichukua siku nzima kwa sababu nilikuwa nasimama kila picha.

Mkono unataka kufuta. Ni ajabu, akili imeshaelewa lakini mkono bado. Nimemwona wa tatu ana doa shavuni na kidole kikaenda chenyewe kwenye kipanya cha kompyuta. Nikaketi juu ya mkono kama mtoto wa chekechea. Doa lile linaweza kuwa la kuzaliwa. Wa pili ana jino lililokaa juu ya lingine, nililinyoosha Januari. Wa nane masikio hayalingani. Wa tisa alikuwa na ndevu amenyoa nusu, kama vile alikatishwa. Yote haya nilikuwa nimeyaona kama takataka.

Nimezipeleka stendi ya mabasi ya kusini, bahasha ngumu, jina la Zena. Ndani nimemwandikia barua: zile za mwanzo uziondoe kabisa, zina makosa, makosa ni yangu, wote walioziangalia waombe warudi waangalie tena. Nikaongeza kwamba ni picha mbaya kuzitazama, awaandae watu kwanza. Nimeogopa kwa ajili yao. Lakini huko nyuma niliogopa kwa ajili ya Bi Rukia, na angalia nilichofanya.

Lilian alitaka hizo tisa kwa ajili ya ukuta mkubwa. Nikamkatalia. Nimesema hao wana wenyewe, wenyewe waone kwanza. Akaelewa, au alijifanya. Nimempa picha ya bibi wa mlango, mbichi. Naye nilikuwa nimemsafisha, hata yeye mzima wa afya, nilimtoa makunyanzi yote. Nimeziangalia picha zote mbili. Bila makunyanzi ule mlango hauonekani mzito.

Jumanne, 29 Julai

Kupitia ukutani namsikia Bi Rukia akikohoa. Hagongi.

Salma kapita mbele ya duka na mfuko wa nyanya. Nikasimama. Hakunisalimu. Sikutegemea, ila nilisimama tu.

Jumamosi, 2 Agosti

Ujumbe wa Zena. Bahasha imefika. Wawili wametambuliwa siku ya kwanza, wa pili kwa lile jino, na wa nane. Mke wa huyo wa nane alizimia, alipozinduka aliomba aachiwe picha. Zena anasema amelala nayo.

Wa sita bado.

Nimesoma ujumbe huo mara nyingi. Sijui nijisikie vipi. Mtu amelala na picha niliyotaka kumficha.

Jumamosi, 9 Agosti

Zena amepiga asubuhi. Wa sita ametambuliwa. Mama yake alikuwa kambi nyingine, ilibidi wamfuate, ni mtu mzima hatembei vizuri. Alipewa picha akaweka kidole kwenye kovu kabla hajaangalia kitu kingine. Mwanawe alianguka kutoka kwenye mkorosho akiwa na miaka sita. Anaitwa Bakari.

Nimefunga duka. Nimezunguka nyuma nikabisha hodi. Akaitika karibu. Shikamoo mama. Marahaba. Safari hii sikukaa, nilisimama karibu na mlango, nikamwambia mama yake ameiona.

"Jina?"

"Bakari."

"Bin nani?"

"Bin Hamisi."

Akalirudia mara mbili kwa sauti ndogo, Bakari bin Hamisi. Akanionyesha mkeka. Nikakaa. Salma akaleta kahawa, akaweka vikombe viwili, akarudi jikoni.

Bi Rukia akaniuliza, "Na wangu?"

"Sijui, mama."

"Basi," akasema. "Hilo ungeniambia Januari tungengoja wote."

Nikainamisha kichwa. Yeye akainua mikono, na mie nikakaa kimya kama inavyompasa mgeni wa dini nyingine. Akaanza na Bakari, akamwombea dua ya maiti. Halafu akamtaja Hamadi, na huyo akamwombea dua ya msafiri.

Nikasubiri amalize. Nikanywa kahawa yangu, nikaaga.